Dada, Subiri Mengineyo

Namba Kumi na Saba alisimama kabla sanduku halijafunguliwa.

Ilikuwa Jumapili, saa nne na robo asubuhi, Tabata, Dar es Salaam, kikao cha kikoba chetu cha kuweka na kukopeshana, barazani kwa mama mwenyekiti. Washika funguo watatu walishakaa, kila mmoja na ufunguo wake shingoni kama kitambulisho cha ofisini. Mhesabu fedha alikuwa anapangusa beseni la bluu ambalo ndilo benki yetu. Mimi, katibu, nilikuwa nimeandika tarehe na kuipigia mstari kwa rula.

"Mama mwenyekiti, nina jambo. Nimekosa, nataka niliseme kabla hatujahesabu."

Mwenyekiti hakumjibu. Alinitazama mimi.

Na mimi, Mungu anisamehe, nikagonga karatasi ya ajenda kwa kalamu. Mara mbili.

"Dada, subiri Mengineyo," mwenyekiti akasema, wala si kwa ukali. "Tukifika Mengineyo utasema."

Akakaa.

Tukahesabu kwa saa moja na dakika ishirini. Hisa zikagongwa mihuri, marejesho yakasomwa, waliochelewa wakatozwa faini. Mmoja akajitetea kwa foleni ya Buguruni, foleni Jumapili asubuhi, tukacheka mpaka beseni likatikisika. Muda wote huo Namba Kumi na Saba alikuwa amekishika kitabu chake cha hisa kwa mikono miwili, kama mtu aliyepakata mtoto wa wenyewe.

Tulipofika Mengineyo mwenyekiti akamkumbuka. Akasimama, akajifunga khanga upya.

"Namba kumi na saba. Nilikuwa naomba kikao tukihamishie uani. Hapa jua linatupiga."

Watu wakapiga makofi, maana kweli jua lilikuwa linatupiga. Nami nikaandika kwenye muhtasari: *Mwanachama Na. 17 aliomba kikao kihamie uani kwa sababu ya jua. Wajumbe waliafiki.*

Mstari huo umenikalia rohoni wiki sita.

## Kifungu cha 14

Kifungu kile cha kusubiri Mengineyo nilikitunga mimi.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilipotutaka vikundi kama chetu tujisajili, tulihitaji katiba. Tulikuwa 28, na kanuni zinataka kikundi kiwe na watu kuanzia 10 hadi 50, kwa hiyo idadi haikuwa tatizo. Katiba niliazima kwa shoga yangu wa Gongo la Mboto, nikaipeleka steshenari, kijana akafuta jina la kikoba chao akaweka letu. Ukurasa wa tatu bado una "Gongo la Mboto" mahali pamoja. Hakuna aliyewahi kuliona, au wameona wakanistahi.

Ila Kifungu cha 14 hakikuazimwa. Kabla ya usajili tulikuwa na kikao ambacho Namba Tisa na Namba Ishirini na Mbili waligombania deni la vitenge, deni ambalo halikuwa hata la kikundi. Walianza saa nne. Adhana ya alasiri ilitukuta hapohapo, nusu ya watu wameondoka, sanduku halijaguswa. Usiku ule nikakaa na kalamu:

*Mwanachama mwenye hoja, lalamiko au taarifa binafsi ataiwasilisha katika ajenda ya Mengineyo, akiwa amesimama, kwa kutaja namba yake na si jina, kwa muda usiozidi dakika tatu, bila kurudia yaliyokwishasemwa.*

Nilijivunia sana. Tangu siku hiyo hatujawahi kukaa zaidi ya muda wa saa mbili. Lalamiko likapata mlango, na mlango una saa za kufunguliwa, kama duka.

## Kwanza Yah

Sisi ni watu wa utaratibu, tusijidanganye. Nani hapa hajawahi kuandika "Husika na kichwa cha habari hapo juu"? Tunaiandika hata kama kichwa chenyewe kinasomeka vizuri tu, sentimita mbili juu yake.

Siku nilipopeleka katiba kutoa nakala, mbele yangu kwenye foleni alikuwapo mama mmoja analia. Alitaka kuandikiwa barua ya kwenda serikali ya mtaa. Alianza kusimulia: jirani, ukuta, maji ya mvua, mtoto aliyeteleza. Kijana wa steshenari hakuondoa macho kwenye kompyuta.

"Mama, ngoja. Kwanza Yah."

"Nini?"

"Yahusu nini? Kichwa."

Mama akanyamaza. Ukamwona anatafuta, katika yale yote, lipi ni kichwa. "Ukuta," akasema mwishowe. Kijana akaandika kwa herufi kubwa: YAH: MALALAMIKO KUHUSU UKUTA WA JIRANI KUZUIA MAJI. Akampa aisome. Akaisoma mara mbili, kisha akajifuta uso kwa upande wa mtandio.

Aliyefika pale akiwa analia aliondoka na barua yenye "kupitia kwa" na "nakala kwa". Zamani ingemalizikia na "Wako katika ujenzi wa taifa", na mimi huwa nasikitika kwamba tumeiacha ile, maana hata mgomvi wa ukuta alikuwa anajenga taifa.

Nilitoka pale nikiamini Kifungu cha 14 kwa moyo wote.

## Siku ya ishirini na sita

Wala siwezi kuzitukana fomu, kwa sababu fomu imewahi kunitoa shimoni.

Miaka kadhaa nyuma niliachishwa kazi. Kampuni siitaji. Nililetewa barua ya Kiingereza ikinitaka nijieleze ndani ya saa 24. (Tangu mwaka 2021 sheria inasema Kiswahili ndicho lugha ya mahakama zetu, lakini mtu akitaka kukutisha kazini bado anakuandikia Kiingereza.) Nikajieleza. Kurasa nne, kwa mkono, usiku. Niliandika kuhusu ugonjwa wa baba, kuhusu bosi alivyonijibu mbele ya wateja, kuhusu miaka niliyowatumikia. Swali lao lilikuwa juu ya risiti mbili. Risiti zenyewe nilizigusia ukurasa wa nne, chini kabisa, baada ya machozi.

Kesho yake asubuhi nikaitwa kikao cha nidhamu. Mchana nilikuwa nje ya geti na mfuko wa rambo wenye kikombe changu na kalenda.

Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinasema muda wa kujiandaa kwa kikao kile kwa kawaida usipungue saa 48, na kwamba unaweza kwenda na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzako. Mimi sikuyajua hayo. Nilichojua ni kulia tu.

Mjomba wangu, mstaafu wa bandarini, alikuja kunipa pole. Alinisikiliza kikombe kizima cha chai, halafu akauliza, "Leo siku ya ngapi?"

Nikamtajia tarehe.

"Sijauliza tarehe, mama. Tangu wakuachishe, leo siku ya ngapi?"

Ilikuwa ya 26. Ukitaka kulalamikia kuachishwa isivyo halali mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, una siku 30. Migogoro mingine ya kazi ina 60. Ukichelewa, unaanza kwanza kuomba usikilizwe kwa nini umechelewa, na hilo nalo lina fomu yake.

Fomu yangu ilianza na mambo makavu. Jina. Mwajiri. Mgogoro ulitokea lini, wapi. Kisha ikataka maelezo kwa ufupi. Kwa ufupi! Kurasa zangu nne zikabaki mistari sita. Halafu ikauliza ninataka matokeo gani.

Kalamu ikasimama.

Siku 26 nilikuwa nimesimulia kila aliyekaa kunisikiliza, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza ninataka nini. Moyoni nilitaka yule bosi aniombe radhi mbele ya walewale wateja. Mjomba akachungulia begani kwangu. "Andika kinachohesabika, mama."

Kabla ya kuisajili ilibidi nakala imfikie mwajiri, na nirudi na ushahidi kwamba ameipokea. Nikapanda bajaji. Dada wa mapokezi, niliyekuwa nakula naye chipsi mayai kila Ijumaa, akagonga mhuri bila kuniangalia usoni. Sikujali. Lalamiko langu lilikuwa na mhuri wa kampuni iliyonifukuza.

Kwenye usuluhishi, jambo la kwanza kusemwa halikuwa langu wala la mwajiri. Msuluhishi alituambia kwamba tutakayosema mle ni siri, na kwamba tukishindwana hayatatumika dhidi yetu mbele ya safari. Niliona yule mwanasheria wa kampuni analegeza mabega. Hata mimi nililegea. Tulielewana kabla ya mwezi kuisha. Kiasi kilitosha ada ya mtoto na cherehani ninayoitumia mpaka leo.

Radhi sikuipata. Haikuwa inahesabika.

Sasa mtu aliyepita huko anawezaje kugonga karatasi kwa kalamu?

## Kijani na nyekundu

Wiki ya tatu ya kutolala vizuri, nilichukua katiba yetu na kalamu mbili za rangi za mwanangu. Kila linalodaiwa kwa msemaji nikalipigia mstari wa kijani. Kila linalodaiwa kwa msikilizaji, nyekundu.

Asubiri. Asimame. Ataje namba. Asitaje jina. Asizidi dakika tatu. Asirudie. Kijani mpaka ukurasa ukawa kama shamba la mchicha.

Nyekundu haikutumika. Niligeuza ukurasa nikidhani zimeshikana mbili.

Hapo ndipo nilipokumbuka kitubio changu cha kwanza, kuungama dhambi kwa padri kidirishani. Sista wa katekesi alitufundisha kwamba dhambi inatajwa aina yake na idadi yake. Mimi nilikuwa na miaka tisa na dhambi chache zisizojaza dakika. Basi nikabuni: nimedanganya mara tatu, nimeiba sukari mara mbili. Wiki ile nyumbani hapakuwa na sukari kabisa. Nafasi ilikuwa tupu, ikataka kujazwa. Kwa miaka mingi hicho ndicho nilichokiona kwenye kitubio, fomu inayomfanya mtoto ajisingizie.

Sikuwa nimetazama upande wa pili wa kile kidirisha. Mwaka 1215 Mtaguso wa Laterani, mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki, uliwaamuru waamini waungame angalau mara moja kwa mwaka, na ndani ya kanuni hiyohiyo ukamgeukia padri: atakayetoboa siri avuliwe upadri na afungiwe kwenye monasteri kali atubu maisha yake yote. Yaani mwenye dhambi kapewa siku moja kwa mwaka, msikilizaji kapewa kifungo cha maisha.

Nikamuuliza jirani yangu wakili kuhusu polisi. Akaniambia mtuhumiwa aliye chini ya ulinzi anatakiwa kuhojiwa ndani ya saa nne. Nikamuuliza asubuhi au usiku. Alicheka sana. Saa nne za kuhesabu, tangu kukamatwa, na zinaweza kuongezwa zisizidi nane nyingine. Karatasi yenyewe inaitwa maelezo ya onyo, na anayetakiwa kuonya ni polisi. Mtuhumiwa akitaka kukiri mbele ya mlinzi wa amani, yaani hakimu au mtu mwingine aliyepewa kazi hiyo kisheria, yule mlinzi kabla hajaandika neno anamkagua kama ana majeraha, anamuuliza kama amepigwa, ametishwa au ameahidiwa kitu. Na likifika mahakamani, ni upande wa mashtaka unaotakiwa kuthibitisha kwamba mtu alisema kwa hiari yake.

Najua, kati ya karatasi na kaunta ya kituo kuna safari ndefu. Lakini karatasi ile angalau inajua pale mezani mwenye nguvu ni nani.

Yangu haikujua. Yangu ilimpanga aliyesimama na kuwaacha 27 waliokaa wafanye watakavyo.

Kisha wasiwasi ukaja kutoka upande mwingine. Tungemruhusu aseme palepale, ingekuwaje? Namba Tisa tunamfahamu mdomo wake. Kabla ya saa sita habari ingekuwa imeshafika Kimanga, na kabla ya jioni ingekuwa imeongezewa mkia. Pengine Kifungu cha 14 kilimkinga.

Pengine jua ndilo lililomwokoa.

Nililala na wazo hilo siku nne, na nakiri lilikuwa linanifariji.

## Daftari umeliacha wapi?

Alikosa vikao viwili. Kila kimoja faini elfu mbili, nikaziandika mwenyewe kwa wino mwekundu.

Jumatano jioni nikaenda kwake. Nilimkuta uani anakuna nazi.

"Hodi."

"Karibu, katibu." Hakusema shoga, wala hakuniita mama fulani kama siku zote. Alinitazama mikononi. "Daftari umeliacha wapi?"

"Nyumbani."

"Na simu?"

Nikaizima, nikaiweka dirishani mahali anapoiona.

"Haya, kaa."

Akanieleza akiendelea kukuna. Hakuna mahali aliponiangalia, na mimi sikumkatisha. Alichoniambia sitakiandika hapa wala popote. Nitasema mawili, na ameniruhusu: fedha ya kikundi haikupungua hata shilingi, na kuna kifungu alikivunja ambacho mimi, ningekuwa na mambo aliyokuwa nayo yeye mwezi ule, ningekivunja kabla yake.

"Kwa nini hukusema kwenye Mengineyo?"

Alipuliza machicha mkononi. "Siku ile nilikuja nimelishika kiganjani. Mlivyoanza kugonga mihuri likaniteremka tumboni. Kulitoa tumboni si sawa na kulitoa kiganjani."

Nikamwomba radhi.

"Sikukukasirikia wewe. Wewe ulisoma tu kilichoandikwa."

"Sikusoma," nikasema. "Niliandika."

Akanitazama kwa mara ya kwanza, akacheka, akanisukumia bakuli. "Basi kamua tui."

Nilikamua. Nilipokuwa narudi nyumbani ndipo likanigonga: katiba inamtaka katibu kutoa taarifa ya ukiukwaji wowote anaoufahamu kabla kikao kinachofuata hakijaisha. Kifungu kingine cha kalamu yangu. Kikao kilichofuata kilikuja, nikasoma muhtasari, nikafunga daftari, sikusema kitu.

Kwa hiyo tukawa wawili.

## Uani

Sikuanza na habari yake. Nilipeleka hoja ya kuongeza kifungu, kupitia Mengineyo, nimesimama, kwa namba. Nilitumia dakika mbili.

Namba Tisa ndiye aliyeshika moto. "Watu wakianza kusema kabla ya hesabu, sanduku litafunguliwa saa ngapi? Mnataka kikoba au mnataka kanisa?"

"Kwani msikitini hakusemwi?" akajibu Namba Ishirini na Sita, mmoja wa wanaume wetu watatu, na kwa robo saa hatukuwa na kikao tena.

Lakini Namba Tisa alikuwa na swali ambalo sikulitegemea, na mpaka leo sijui kulijibu vizuri. "Na aliyetuibia? Naye asimame aungame, sisi tukae tumeshika tama, asijibiwe? Mimi mnaniambia ninyamaze juu ya hela yangu?"

Baraza lote kimya. Alikuwa na haki. Kifungu nilichokileta kilikuwa na nyekundu tupu, kana kwamba nimerudia kosa lilelile kwa rangi nyingine. Tukakirekebisha palepale, yeye akitoa maneno na mimi nikiandika. Hiki ndicho kilichopita, na sentensi ya mwisho ni yake:

*14A. Kabla ya sanduku kufunguliwa, mwenyekiti atauliza mara moja kama kuna mwenye jambo lisilosubiri. Likisemwa, wajumbe wataweka simu chini, na hakuna atakayelijibu siku hiyo. Katibu ataweka kalamu mezani mpaka msemaji aruhusu. Majibu yatatolewa kikao kinachofuata. Kusikilizwa hakufuti faini.*

Jumapili iliyopita kilikuwa kikao cha kwanza chini ya kifungu hicho. Tulikaa uani, kama alivyoomba, na kweli kuna kivuli. Namba Kumi na Saba alikuja, akalipa elfu nne zake za faini bila neno. Usiku wa kuamkia siku hiyo tulikuwa tumekubaliana kwamba nitaanza mimi, kisha yeye. Nilikuwa nimekariri. Magoti yalikuwa yananitetemeka chini ya kitenge.

Mwenyekiti akauliza kama kifungu kinavyotaka. "Kuna mwenye jambo lisilosubiri?"

Simu zikashuka, moja moja, zikalala kwenye mkeka. Nikavuta pumzi nisimame.

Kiti cha plastiki kilicholia hakikuwa changu. Mama mwenyekiti alikuwa amesimama, miwani kaishika mkononi.

"Namba moja," akasema. "Nina jambo."

Hakuna aliyekohoa. Nikamtazama Namba Kumi na Saba, naye akanitazama, kitabu chake kiko mapajani, mikono iko pembeni.

Nikaiweka kalamu mezani.